Sifa za Cherehani Kinachoruka Mshono

Wanaosifu wafalme na wasifu. Mimi leo nakisifu cherehani kibovu cha fundi wangu wa Tandika, kule Temeke: Singer nyeusi ya kukanyaga, maandishi yake ya dhahabu yamebaki nusu. Kinapiga mishono minne, wa tano kinauruka, kama mtu anayepita haraka mbele ya duka analodaiwa.

Hakuna kilichowahi kulikusanya baraza la pale kwa fundi kama ugonjwa huu. Muuza mihogo alisema ni mkanda. Dereva wa bajaji akasema oili, maana kwake yeye kila kitu ni oili. Mzee mmoja akanong'ona, "Mwanangu, hicho kimesemwa." Nami niliyefuata suruali tu nikakaa saa mbili.

Tena kina adabu. Singer hao hao, walioanza mwaka 1851, waliwahi kulitengenezea jeshi la Marekani bastola 500 aina ya M1911A1. Sasa pima ubovu kwa ubovu: bastola kuukuu ya silinda, tundu la risasi lisipokaa sawasawa na mtutu, humtemea vipande vya risasi aliyesimama ubavuni. Cherehani kikikosea wakati wake, kinakuachia upenyo pajani, basi.

Fundi akafungua bamba, akazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, nasi tukainama. Sindano ikashuka mpaka mwisho. Ikapanda kidogo, kama milimita mbili, uzi ukajikunja kitanzi. Hapo ndipo ncha ya ndoana inapotakiwa ikidake. Ikapita. Haikudaka. Baraza zima likaguna.

Lakini sifa yake kubwa ni kumsitiri mwenyewe. Siku hizi za kuelekea Idd, fundi aliyepokea vitambaa kuzidi mikono yake angeitwa mwongo. Huyu ananyoosha kidole tu: "Kaka, si unaona mwenyewe?" Wiki hii peke yake kimebeba ahadi za wateja saba, wala hakijalalamika.

Ubovu wenyewe? Sindano. Namba 11, ya vitambaa laini, ndiyo iliyokuwa ikishonea jinzi, tena ubavu wake bapa umegeuzwa upande usio wake. Akaweka namba 16. Kikapiga mstari mzima pasipo kuruka hata mmoja.

Fundi hakufurahi. Alikitazama kitambo, akaniambia nirudi kesho, umeme ukisharudi.

Cherehani ni cha kukanyaga.