Mnyama Asiye na Mbuga

Wanaolalamikia viumbe vya Wangechi Mutu wana haki kabisa. Msanii huyu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1972, hukata picha za majarida na michoro ya kitabibu, humwaga wino na rangi, hubandika. Mara anazuka mwanamke mwenye madoadoa na vipuri vya pikipiki. Mbuga ipi ina kitu hicho?

Warembo wa majaridani walikuwa kamili kabla ya mkasi wake: bila kunyanzi, bila kinyweleo, kama Mungu alivyowaumba, kompyuta ikisaidia kidogo tu.

Angejifunza uhalisia kwenye nembo ya Kenya. Pale simba wawili wamesimama wima, mikuki mkononi, wakishikilia ngao. Ndani yake jogoo ameshika shoka. Hakuna aliyewahi kumuuliza alijifunzia wapi kupasua kuni.