Hoja ya Shimba Mbele ya Kijiwe cha Likoni

Kijiwe cha kahawa, yaani mahali pa kando ya barabara ambapo wanaume hukutana jioni kunywa kahawa tungu na kuamua mambo ambayo hakuna aliyewauliza, hutawaliwa kwa kawaida na watu wa aina nne: Mjuzi wa Yote, Mwalimu Mstaafu, Kijana wa Bodaboda, na Muuza Kahawa, ambaye ndiye pekee aliye kazini. Katika kijiwe kimoja cha Likoni, hoja iliyowekwa mezani ilikuwa safari ya kikundi, ya kutwa na ya miguu, katika Milima ya Shimba iliyoko Kwale.

Mjuzi alishikilia kwamba Shimba si mlima, kwa kuwa hauna kilele, na kwamba makubadhi yanatosha. Mwalimu, ambaye alistaafu shule bila kustaafu kufundisha, alikubali nusu ya hoja: Shimba ni mgongo, maana yake ardhi ndefu iliyoinuka kutoka tambarare ya pwani hadi zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Bahari ya Hindi unapolazimika kuupanda hupoa na kuacha ukungu na mvua, ndiyo sababu ya msitu ule, na ndiyo sababu ya chemchemi za Marere zinazopeleka maji Mombasa.

"Yanapelekwa, Mwalimu, au yanaagwa tu?" akauliza Muuza Kahawa, huku akisuuza vikombe kwa maji ya kununua.

Kijana wa Bodaboda alitaka kujua iwapo pikipiki hufika kwenye maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa takriban mita 21 na yanayoitwa kwa jina la David Sheldrick, aliyekuwa mhifadhi wa Tsavo Mashariki. Alijibiwa kwamba njia ni ya miguu, hushuka kutoka mgongoni hadi bondeni kwa takriban kilomita 2, na wageni husindikizwa na askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) mwenye bunduki, kwa sababu ya ndovu.

"Ndovu walihamishwa!" Mjuzi akadakia.

"Mwaka 2005 walihamishiwa Tsavo wapatao 150, bwana, waliozidi nafasi," Mwalimu akasema. "Waliobaki hawakuachwa ili wewe uwapite na makubadhi."

Palipotajwa palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma, ambaye nchini Kenya hapatikani porini penginepo ila Shimba, Mjuzi alidai kumwona karibu na kivuko cha feri. Wenzake walimtambua mara moja kuwa ni beberu wa jirani.

Lililobaki ndilo lililokuwa zito. Mlima wa kawaida hupandwa asubuhi, miguu ikiwa mibichi, na kushukwa jioni, lakini bonde hudai malipo mwishoni: mtu hushuka akicheka, huoga, hula, kisha hupanda saa saba mchana, tumbo likiwa limejaa na chupa ya maji ikiwa tupu. Kwa hiyo iliamuliwa kwamba kikundi kiondoke alfajiri, kila mmoja abebe maji ya kwenda na ya kurudi, na mwendo uwe wa aliye mzito kuliko wote.

Macho yote yalimgeukia Mjuzi, ambaye alikumbuka papo hapo kwamba Jumamosi hiyo ana mazishi Mariakani, ingawa jina la marehemu hakulitaja.