Kibwezi Yajibu Mwaliko wa Bunge

Kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa,
Majengo ya Bunge, Nairobi.

Waheshimiwa,

Wananchi wa Kibwezi wanawasalimu na kuwashukuru. Si kila siku watu wa kando ya barabara ya Mombasa hualikwa kutunga sheria. Mwaka 2023 walialikwa, wao na Wakenya wengine wote, kutoa maoni yao kuhusu miswada ya afya. Mswada wa Bima ya Afya ya Jamii ulifika Bungeni Septemba. Tarehe 19 Oktoba Rais alikuwa ameshautia sahihi pamoja na mingine mitatu. Kasi hiyo inastahili pongezi. Hata treni ya SGR, pamoja na haraka zake zote, husimama Kibwezi kidogo ili watu wapande.

Kamati pia ipongezwe kwa kuchagua msimu. Huku Ukambani, Kibwezi ilipo, mvua ya kutegemewa ni ile ya mwisho wa mwaka, na mkulima asiyetayarisha shamba kufikia Oktoba atakula ahadi hadi mwaka unaofuata. Ni nani hangependa kutua jembe na kusoma mswada wa kisheria ulioandikwa kwa Kiingereza? Katiba yenyewe, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi, lakini huenda ukurasa huo ulinata kwenye nakala ya Bunge.

Tarehe 12 Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaharibu sherehe. Walizitangaza sheria tatu kati ya hizo nne kuwa kinyume cha Katiba, na miongoni mwa sababu zao ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa vya kutosha. Bunge likapewa siku 120 kurekebisha mambo. Siku 120! Mkazi wa Masongaleni, huku Kibwezi, akapiga pasi shati la kwendea kikaoni. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo, tarehe 1 Oktoba Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikaanza kazi badala ya bima ya zamani ya NHIF, na shati likarudi sandukuni.

Lakini ingekuwa uongo kusema mwananchi hakuulizwa kitu. Aliulizwa, tena kwa kina. Alipojisajili SHA, yeye asiye na ajira rasmi, alitakiwa kueleza nyumba yake imeezekwa kwa nini, kuta zake ni za nini, choo chake ni cha aina gani na ana mifugo mingapi. Kwa majibu hayo mtambo ukamkadiria mchango: haupungui shilingi 300 kwa mwezi, na wa sekta isiyo rasmi hudaiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani shilingi 3,600 kwa uchache. Kwa hiyo mabati ya Kibwezi yameshirikishwa kikamilifu. Mwenye mabati bado anasubiri zamu yake.

Kamati iruhusu kumbukumbu kidogo, maana inaelekea huko Nairobi mafaili hupotea. Mwaka 2016, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, Makueni, kaunti ya Kibwezi, ilizindua mpango wa afya ambapo familia nzima ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Haikuwa pepo. Kaunti ilibeba sehemu kubwa ya gharama, na nje ya vituo vyake kadi haikufua dafu. Ila ni kaunti hiyohiyo iliyojenga mabaraza kuanzia kijijini hadi ngazi ya kaunti, ambamo watu walibishana kuhusu maji, zahanati na barabara kabla ya bajeti kufungwa. Serikali kuu ilipofanya majaribio yake ya afya kwa wote Desemba 2018, ilichagua Kisumu, Machakos, Nyeri na Isiolo. Makueni ikapitwa, pengine kwa kosa la kuanza mapema.

Wala mazoea haya ya kushauriana hayakuletwa na ugatuzi. Kibwezi ilikuwa na wahudumu wa afya wa vijiji waliofunzwa chini ya mradi wa shirika la AMREF tangu miaka ya mwisho ya 1970, na kabla yao kulikuwa na mwethya, ambapo majirani hukutana, hukubaliana kazi, kisha huifanya. Katika mwethya hakuna anayeitwa kutoa maoni juu ya mtaro uliokwisha kuchimbwa.

Na mambo ya kusema yapo. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mama wa Makindu anayejua jinsi ya kuanika na kupima ukavu wa punje ana neno kwa mtunga sera ya afya. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka bomba la kati ya Mombasa na Nairobi hadi mto Thange, na wanaokaa kando ya mto huo wana maneno mengi zaidi. Fomu iliyouliza juu ya choo haikuwa na nafasi ya ghala wala ya mto.

Basi wananchi wa Kibwezi wanaleta maombi yao. Mswada ujao wa afya uchapishwe kwa Kiswahili na usomwe kwa Kikamba kwenye redio kabla ya Kamati kuketi. Kikao kifanyike Kibwezi, Makindu na Mtito Andei, si Nairobi peke yake, na kisifanyike Oktoba. Kisha Kamati irudi palepale iseme ni maoni yapi iliyakubali, yapi iliyakataa, na kwa nini. Shati bado lipo, Waheshimiwa, leteni tarehe.