Kisiwa Kisicho na Masika

Mchezo wenyewe ni wa video, unaitwa Animal Crossing: New Horizons. Ulitoka Machi 2020, wakati dunia inafungiwa ndani, na wote wanaousifia wanasema kazi yake ni kupumzisha akili. Unapewa kisiwa, hema, na majirani ambao ni wanyama wanaoongea. Hakuna wa kumpiga risasi. Kuna Tom Nook, anayekukopesha ujenge nyumba bila riba wala tarehe ya mwisho ya kulipa. Hapo ndipo mtu mzima anapojua kwamba hii ni hadithi ya kubuni.

Deni unalilipa kwa kuuza vitu: matunda, samaki, na hasa wadudu. Wako aina 80, na kila mmoja ana miezi yake na saa zake, maana saa ya kisiwani ndiyo hiyo hiyo ya ukutani kwako. Mwanzoni kabisa unaulizwa kisiwa kiwe nusu ya kaskazini ya dunia au ya kusini. Basi. Ikweta haimo, vuli na masika havimo. Mimi wa Dar es Salaam nikajibu kusini, kwa uzalendo, na kalenda ya kichwani haijakaa sawa tangu siku hiyo.

Chukua Julai. Sebuleni kwangu kipupwe kimeingia, yaani feni nimeipunguza kutoka namba tano hadi tatu. Kisiwani ni theluji mtindo mmoja, na yule dundu wa mavi anasukuma donge la theluji. Huonekana Juni hadi Agosti tu, kwa sababu theluji ikiyeyuka anakosa cha kusukuma. Nimemwonea huruma sana. Kwetu huku ng'ombe wangemwajiri mwaka mzima.

Mbu naye ana ratiba: Desemba hadi Machi, saa 11 jioni hadi saa 10 usiku, kisha anaondoka. Nilisoma mara mbili hapo penye kuondoka. Natamani sana mbu wa Sinza wapelekewe hiyo karatasi.

Oktoba Shangazi akaja kutoka Bukoba kututembelea. Jioni moja akaniona nimemnasa panzi mrefu wa kijani, nimemwinua juu kwa furaha.

"Huyo analiwa?"

"Hapana, Shangazi. Anauzwa, au anapelekwa makumbusho."

"Panzi mzima, mnene hivyo, anapelekwa ofisini?"

Kumweleza mtu wa Bukoba kwamba panzi ni wa kutazamwa tu ni kazi ngumu, na Novemba ya senene ilikuwa imekaribia, watu kule wameshaanza kufikiria taa na mapipa. Kwa heshima nikakiri kwamba mchezo una upungufu.

Makumbusho yenyewe yakamtisha. Msimamizi wake, Blathers, ni bundi. Kwetu bundi akitua juu ya bati watu huanza kuulizana nani anaumwa. Shangazi alipomwona amevaa tai ya kipepeo akapiga ishara ya msalaba. Kisha akagundua kwamba bundi huyu anaogopa wadudu, wote, mpaka kipepeo, na kila anapopokea mmoja hutetemeka kwanza ndipo atoe mhadhara. Hofu ya Shangazi ikaisha palepale. "Msomi," akasema, kwa sauti ambayo sikuipenda, maana nami nina shahada.

Mkasa wenyewe ulikuwa wa buibui. Si huyu wa darini. Ni tarantula, mwenye manyoya, anayetoka Mei hadi Oktoba kuanzia saa 1 usiku, na bei yake ni beli 8,000. Unamnyatia umeinua wavu. Akiinua miguu ya mbele, simama kama mtu aliyedaiwa hadharani. Akiishusha, sogea. Nilikuwa nimebakiza hatua moja, pumzi nimezibana, Shangazi akapiga kelele: "Mkanyage!"

Nikashtuka, nikaruka mbele, buibui akaniuma. Giza. Nikazinduka nimesimama mbele ya mlango wangu.

"Umekufa?"

"Nimezimia tu, Shangazi."

"Na nani amekubeba mpaka nyumbani?"

Swali hilo halina jibu popote ndani ya mchezo, na sasa linanisumbua hata mimi. Majirani wote wamelala. Tom Nook? Inawezekana. Mdaiwa lazima atunzwe.

Nilipotikisa mti kutafuta kuni, likadondoka kundi la nyigu, jicho likavimba, na Shangazi akaamua kwamba huu si mchezo bali ni kilimo. Akaomba ashike yeye.

Bahati yake, jirani mmoja, mbuzi, alikuwa anajikuna: kiroboto. Dawa ni kumpiga mbuzi wavu wa kichwa, kiroboto akanasa, naye mbuzi akakushukuru. Shangazi hakuamini. Kiroboto huyo anauzwa beli 70, fedha ya kunyongea, lakini kumpiga jirani hadharani na kushukuriwa, hilo hajawahi kulipata katika maisha yake yote ya kijijini. Akaanza kuzunguka kisiwa akitafuta wagonjwa wengine. Nikasikia pa! pa! pa!

"Huyo hana kiroboto, Shangazi. Ona amekasirika."

"Najua," akasema, bila kuondoa macho kwenye runinga. "Huyu anaringa."