Yatokanayo na Mengineyo

Jumatatu, 22 Septemba

Kikao cha kamati ya wakazi kimefanyika chini ya mwembe, saa nne asubuhi. Wajumbe ni saba, tuliohudhuria watano, mmoja wetu akiwa amelala. Bibi wa chumba namba tatu alihoji kama mtu aliyelala anahesabika kwenye akidi. Nikatoa maelezo ya kitaalamu: nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo, enzi hizo hakimu alikaa na washauri wasiopungua wawili, na sikumbuki hukumu iliyobatilishwa kwa sababu ya usingizi. Akidi ikakubalika. Aliyelala hakupinga.

Ajenda ilikuwa moja: koki ya nyuma ya jiko inavuja. Wengine walisema mpira wa ndani umeliwa, wengine walisema koki nzima imechoka, Mwenyekiti akasema ni matokeo ya watu kuikaza kwa hasira. Mpira wenyewe dukani ni bei ya maandazi, lakini kamati haina hata hela ya andazi. Fedha ziko ofisini kwa Afisa Mfawidhi wa makazi haya ya wazee, na ofisini wanasubiri fungu kutoka juu. Azimio: iwekwe ndoo. Ndoo ziko stoo, ufunguo wa stoo uko kwa mtunza stoo, na mtunza stoo yuko semina.

Tumeweka sufuria.

Jumanne, 23 Septemba

Mpishi amekuja kuulizia sufuria.

Jumatano, 24 Septemba

Mwenyekiti alikuwa balozi wa nyumba kumi tangu enzi za TANU, na hajawahi kukubali kwamba ubalozi una mwisho. Leo ametangaza kuwa makazi yetu yatakuwa shina, kwa kufuata utaratibu. Vyumba tunavyo kumi na viwili. Kumi vimepata balozi, ambaye ni yeye. Viwili vya mwisho, vilivyo karibu na banda la kuku, vimebaki bila serikali.

Kufika alasiri, wakazi wa vyumba hivyo viwili walikuwa wameshajiwekea taratibu zao. Fagio la chelewa, ambalo ndilo pekee la uwanjani, liko upande wao, na wanasema litatoka kwa maandishi tu. Uwanja haujafagiwa. Nimetumwa nikazungumze nao. Wamenipokea vizuri sana, wamenipa muhogo wa kuchoma na kiti chenye mgongo. Fagio hawakunipa.

Alhamisi, 25 Septemba

Siku ya kliniki. Tulipakiana wanne kwenye bajaji, na fimbo nne. Dereva alitoza nauli ya watu watano, akisema fimbo zinachukua nafasi.

Hospitalini kuna dirisha la wazee, na juu yake bango linalosema mzee apewe huduma kwanza. Jambo jema. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, kwa hiyo sote tulikuwa na sifa. Tatizo ni kwamba hata waliotutangulia kwenye foleni ile walikuwa na sifa. Ikabidi atafutwe mzee kuliko wazee.

Cheti cha kuzaliwa hakuna aliyekuwa nacho. Mmoja akasema alizaliwa mwaka ambao matrekta ya karanga yaliingia Kongwa. Nikampigia hesabu: mradi ule wa Waingereza ulianza kulima 1947, basi ana 78. Wa nyuma yake akaguna, akasema matrekta hayo yeye aliyaona kwa macho yake, tena siku hiyo alikuwa anachunga mbuzi, mbuzi wakatawanyika porini. Akapishwa mbele. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa amejikalia kimya kwenye benchi akasema mbuzi hao walikuwa wa baba yake, na yeye wakati huo alikuwa ameshatolewa posa. Akasindikizwa hadi dirishani, mtu amemshika mkono huku na mtu huku.

Muuguzi akafungua dirisha. "Shikamooni wazee wangu. Tunaanza na walioacha kadi jana."

Nimepewa dawa za presha, nikaambiwa nipunguze chumvi na mawazo. Chumvi nitaweza.

Jumamosi, 27 Septemba

Mjumbe wetu wa afya ni huyo bibi wa chumba namba tatu. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipoendeshwa kwa redio, watu walikaa kwa vikundi vijijini, wakasikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo. Yeye alikuwa kiongozi wa kikundi. Anasema kwao kila kaya ilipata choo, na anayebisha aende akahesabu. Tangu hapo hajakutana na choo kinachomridhisha.

Leo amekagua vya kwetu kwa tochi, saa nane mchana, mlango ukiwa wazi na mtu mmoja akiwa ndani. Taarifa yake ina kurasa mbili za kaunta buku. Sitainakili hapa. Neno "aibu" limetumika kwa wingi, na chumba namba saba kimetajwa kwa namba.

Kutokana na taarifa hiyo, Stesheni Masta ameleta ratiba. Yeye alianza kazi ya reli wakati wa ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977, na anaamini kilichoivunja ni watu kutojali muda. Vyoo viwili, wakazi ishirini na mmoja. Wa kwanza saa 11:10 alfajiri, kila mmoja dakika nane, kisha dakika mbili za kupisha njia. Imebandikwa mlangoni kwa ugali, maana gundi iko stoo.

Jumapili, 28 Septemba

Ratiba imeanza kutumika. Mzee wa chumba namba saba amechelewa kutoka kwa dakika kumi na nne, na foleni yote nyuma yake ikaathirika. Stesheni Masta alisimama nje na saa yake ya mkononi, akatangaza kwa sauti kwamba tunaomba radhi kwa usumbufu. Pembeni ya jina la mhusika ameandika: "sababu za kiufundi."

Jioni tulikaa kuangalia mpira. Rimoti haikufanya kazi. Uchunguzi ukabaini kwamba betri zake zimo kwenye tochi ya vyoo. Mjumbe wa afya alipoulizwa amezichukua kwa idhini ya nani, aliuliza kama tunataka mpira au kipindupindu. Vitufe vya pembeni mwa televisheni vilishang'oka zamani, kwa hiyo ilibaki pale ilipoachwa, kwenye tamthilia ya Kituruki inayosemeshwa Kiswahili. Binti mmoja anataka kuolewa na mtu ambaye sisi wote tunajua ni kaka yake. Yeye hajui, na hakuna namna ya kumwambia.

Mpira tuliufuatilia kwa kelele za bodaboda barabarani. Goli lilifungwa. Hatujui la nani.

Jumatatu, 29 Septemba

Stesheni Masta ameomba ratiba ya vyoo ya jioni isogezwe mbele. Akaulizwa sababu. "Za uendeshaji," akasema. Tamthilia inaanza saa moja na nusu.

Jumanne, 30 Septemba

Kesho ni Siku ya Wazee na tutapata wageni. Ukuta wa mbele umepakwa chokaa. Kuta nyingine tatu zimeachwa, kwa kuwa wageni huja kwa mbele.

Kamati imeandika risala. Nimeiandika mimi, kwa mwandiko wa mahakamani, kurasa tano. Afisa Mfawidhi ameipitia. Ni binti mpole, wa umri wa mjukuu, na hutuamkia hata akiwa na hasira.

"Babu Katibu, hapa mmeandika koki inavuja."

"Inavuja, mwanangu."

"Tuseme kuna changamoto ya miundombinu ya maji."

Paa la chumba namba tisa limekuwa "mahitaji ya ukarabati mdogo." Maharage ya kila siku yamekuwa "lishe isiyobadilika sana." Ombi la kamati kupewa nakala ya ufunguo wa stoo lilikuwa ukurasa wa nne. Ukurasa wa nne haukurudi. Risala sasa ni ukurasa mmoja na nusu, na nusu ya huo ni salamu.

Jumatano, 1 Oktoba

Wageni walitarajiwa saa tatu, wakafika saa sita kasoro. Stesheni Masta ameandika.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mchangamfu. Aliegemea ukuta wa mbele wakati akisalimia, na tangu hapo mgongo wa koti lake ulikuwa mweupe. Hakuna aliyemwambia, kwa heshima. Alitukumbusha kuwa Umoja wa Mataifa uliitenga siku hii mwaka 1990, na kwamba mwaka uliofuata ulipitisha kanuni 18 kuhusu wazee. Nazijua kwa kuwa alizisoma zote, sisi tukiwa juani na yeye akiwa kivulini. Akafika kwenye ile inayosema mzee anayeishi kwenye makazi ya kutunzwa aheshimiwe utu wake, imani yake na faragha yake, na awe na haki ya kuamua kuhusu matunzo yake na maisha yake.

Mwenyekiti akanyoosha mkono. Haikuwamo kwenye ratiba ya shughuli. Akasema anashukuru sana kwa kanuni hiyo, na akauliza kama inahusu pia ufunguo wa stoo.

Wageni walicheka, wakapiga makofi. Mgeni rasmi akasema huyo ndiye mzee anayemtaka, mzee mwenye utani. Mwenyekiti akabaki amesimama akisubiri jibu, mpaka akaombwa akae ili watu wapigwe picha.

Tumepokea mchele, sukari, mafuta ya kula na sabuni. Mche mmoja wa sabuni umepigwa picha na wazee tisa, kila mmoja akiupokea kwa mikono miwili, kabla haujapelekwa stoo pamoja na wenzake. Tumepokea pia katoni za pampasi. Zimeandikwa: kilo 4 hadi 9. Mwembamba kuliko wote hapa ni mjumbe wa afya, na kliniki walimpima kilo arobaini na moja.

Alhamisi, 2 Oktoba

Pampasi zimeachwa barazani kwa kuwa mtunza stoo hakujua aziandike kwenye safu gani ya leja. Wakazi wa vyumba visivyo na balozi wamechukua moja bila azimio la kikao, wakaifunga kwenye koki ya nyuma ya jiko kwa kamba ya katani. Haivuji. Kifuniko chake kina picha ya tembo anayecheka.

Mwenyekiti amekwenda kuiangalia, mikono nyuma, akaizunguka. Amesema kitaalamu si sahihi. Hajaagiza ifunguliwe. Mpishi amerudishiwa sufuria yake mbele ya mashahidi wawili.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mtunza stoo amepoteza ufunguo. Amepekua mifuko ya suruali zote mbili, akapekua na ya mwenzake. Mpaka saa tano hatukuwa na chai wala uji, kwa sababu sukari tuliyopigwa nayo picha juzi ilikuwa ndani. Akaitwa fundi, akakata kufuli kwa msumeno, kazi ya dakika chache. Jirani zetu wa banda la kuku walishika tama, kama watu waliojua siku zote kwamba inawezekana.

Kufuli jipya limekuja na funguo tatu. Mmoja ni wa mtunza stoo. Wa pili ni wa ofisi. Wa tatu, Afisa Mfawidhi ameuangalia kidogo mkononi, kisha akampa Mwenyekiti. "Haya babu, na kanuni yako ile." Sidhani kama alikuwa anatania. Ana kazi nyingi.

Kikao cha dharura kimekaa kujadili ufunguo ukae kwa nani. Akidi ilitimia na ziada, hakuna aliyelala. Mjumbe wa afya alisema ukae kwake, kwa kuwa ndiye anayejua thamani ya sabuni. Stesheni Masta alisema ufunguo haukai kwa mtu, unakaa kwenye msumari, penye namba. Chumba namba saba akasema yeye hataki ufunguo, anataka jina lake lifutwe kwenye ratiba. Ikaamuliwa kwa kura nne dhidi ya tatu kwamba Mwenyekiti aufunge kwenye uzi wa kikoi chake. Sijaandika nani alipiga kura vipi. Wananiuliza.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwenyekiti amekwenda msibani kijiji cha pili. Alivaa suruali, lakini kikoi alikibeba kwenye mfuko kwa ajili ya kujifunika usiku, na ufunguo kwenye kikoi. Mtunza stoo yuko semina ya utunzaji wa stoo. Ufunguo wa ofisi umo kwenye droo, droo imefungwa, na Afisa Mfawidhi ameitwa mkoani.

Saa sita mchana mpishi alimtuma kijana wa bodaboda msibani. Kijana amerudi na kikoi chote. Mwenyekiti ameagiza kirudishwe kabla ya jua kuzama.

Jumanne, 7 Oktoba

Stesheni Masta ameandaa daftari la kuazima ufunguo, lenye safu za jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi, sababu na sahihi. Kikoi kilirudishwa jana bila ufunguo. Msumari umepigiliwa, namba imeandikwa: 1. Mpishi amekuja saa kumi na mbili asubuhi kuchukua sukari ya uji. Akaambiwa asaini kwanza. Kalamu ya daftari ilikuwa imekauka, na kalamu mpya ziko stoo. Wote wakanigeukia mimi. Nikawaeleza kuwa yangu ni ya kumbukumbu za kamati, na kwamba kuitoa kunahitaji azimio.

Kikao ni saa nne.