Kila Mtu Fundi wa Kabureta Yangu

Lumuma unaweza kukosa mtu wa kukusaidia kupakia gunia, lakini ukiwa na kabureta mbovu hukosi wa kukushikia bisibisi. Nasimamisha pikipiki karibu na wapima vitunguu, injini haijamaliza hata kukohoa, mmoja ameshainama, wa pili ameshachomoa mpira wa mafuta, na wa tatu anauliza kama nimejaribu kupuliza. Kupuliza nini? Haulizwi.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT 125, ya zile walizokuwa wakipewa mabwana shamba enzi za miradi. Ndefu, nyembamba, inaruka mawe bila kulalamika, na inatoa moshi wa bluu kwa sababu ni tustroki. Hapa ndipo matatizo yangu yanapoanzia. Vijana wa kijiweni wamekulia kwenye Boxer na TVS, fostroki tupu, kwa hiyo wakiuona moshi ule wananipa pole ya msiba. "Mzee, ringi zimekwisha hizo." Ringi hazijaisha! Tustroki inachoma oili yake pamoja na petroli, ndivyo ilivyozaliwa. Siku itakayoacha kabisa kutoa moshi ndiyo mje na ubani, maana pampu ya oili itakuwa imekufa na pistoni iko njiani kushika. Pampu hiyo Yamaha walianza kuiweka mwaka 1964, ili mtu asihangaike kuchanganya oili kwenye tangi. Jirani yangu habari hizo hazijamfikia. Aliniona nimejaza petroli tupu, akanionea huruma, akaenda kunimiminia oili nikiwa msalani. Nilipopita sokoni siku hiyo akina mama walifunika dagaa.

Ugonjwa wenyewe ni mdogo, ukiachwa utibiwe na mwenye akili timamu, yaani mimi. Kabureta ilipangwa kwa hewa nzito ya pwani. Sisi tuko kwenye mikunjo ya milima ya Rubeho, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,000. Ukipanda mita 1,000, hewa inapungua kwa kiasi cha asilimia 10, lakini jeti iliyo ndani ya kabureta haina taarifa hiyo, inaendelea kumwaga petroli kama iko Kariakoo. Petroli inazidi, hewa haitoshi, plagi inakuwa nyeusi tii, na ukivuta resi mlimani pikipiki inagugumia badala ya kwenda. Dawa yake ni kuweka jeti ndogo zaidi.

Sasa jaribu kusema hayo kijiweni. "Mlima unataka nguvu, halafu wewe unapunguza mafuta?" Wakacheka mpaka abiria wakasogea kusikiliza. Watu hawa ndio wanaofunga gunia la vitunguu kwa rumbesa, kilemba juu ya kilemba, kwa imani kwamba kitu kikizidishwa ndiyo kimenoga. Utawaelezaje kwamba injini inaweza kuvimbiwa?

Rumbesa ina sehemu yake kwenye kesi hii, nikubali. Jeti kubwa, ile ninayotaka kuibadilisha, haifanyi kazi ya maana mpaka uvute resi karibu yote. Chini ya robo, wenye kauli ni jeti ndogo ya sailensa na skrubu ya hewa. Katikati ni sindano inayopanda na kushuka. Kwenye tambarare hakuna anayefika resi ya mwisho, mashimo hayaruhusu. Ni mlimani tu, ukiwa na gunia nyuma, ndipo jeti kubwa inapoitwa kutoa ushahidi, na ushahidi wake ni wa uongo.

Uongo huo ulizidishwa papa hapa. Kuna fundi aliyezibua jeti kwa waya mmoja wa kebo ya klachi. Jeti ni shaba, waya ni chuma. Alisugua huku anapiga mluzi, na tundu likapanuka. Namba iliyochongwa kwenye jeti za Mikuni inaeleza kiasi cha petroli kinachopita. Ukishachokonoa, namba inabaki pambo.

Halafu kuna skrubu. Kwenye fostroki nyingi skrubu ya pembeni inapima petroli: ukiifungua, mafuta yanaongezeka. Kwenye DT yangu inapima hewa: ukiifungua, hewa inaongezeka na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Kwa hiyo kijana anayetaka kuniongezea mafuta ananipunguzia, anayefuata akitaka kupunguza anaongeza, na wote wawili wananidai soda. Nikifika nyumbani naifunga taratibu hadi mwisho, naifungua mzunguko mmoja na nusu, tunaanza upya. Treni ya umeme inapita Kilosa kwenda Dodoma tangu mwaka 2024. Haina kabureta, na nadhani ndiyo maana hakuna anayeikimbilia na bisibisi.

Nikajaribu elimu ya watu wazima. Nikawaambia vijana, acheni kusikiliza mlio, someni plagi. Ikiwa nyeusi na imelowa, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi, injini inachemka na mwisho wake ni kunoki. Inayotakiwa ni rangi ya chai ya maziwa. Kosa! Wakaanza kubishana ni chai ya nani. Mmoja akapendekeza ya mama ntilie wa karibu na magari, nikampinga kwa nguvu zote. Chai ile maziwa yanaonyeshwa tu, ukiipangia kabureta utasukuma pikipiki mpaka Kidete. Mama ntilie akasikia, na tangu hapo kikombe changu kinakuja nusu.

Mwishowe nikampigia muuza spea wa Dar, nikamtajia aina ya kabureta na namba ya jeti, nikamtumia hela kwa simu. Mzigo ukarudi na lori la vitunguu, umefungwa kwa gazeti kwa heshima kubwa. Ndani kuna jeti ya Boxer. Nyembamba, inaingia kwenye kabureta yangu na kutoka bila hata kuzungusha. Nikampigia tena.

"Kaka, zote ni jeti."

"Haishiki uzi, bwana. Inacheza humo ndani."

"Zungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, itakaa. Kwani huko hamna mafundi?"

Nilikata simu haraka, lakini nilikuwa nimeweka spika. Walipo vijana watatu, mmoja ameshakwenda kutafuta tepu.