Uzi Umeishia Kitanzi cha 76

Anayefuma kofia ya mtoto huanza kazi kwa kujidanganya. Maelezo yanataka vitanzi 80. Anavuta uzi kutoka kwenye donge, anaupima kwa macho, anajiambia, "Huu unatosha," kisha anafunga kitanzi cha kwanza. Mkia wa uzi unazunguka dole gumba, uzi wa donge unapita kidole cha shahada, sindano inadaka na kuvuta. 60. 70. 75. Kwenye cha 76 anatazama mkononi: mkia umebaki urefu wa ukucha.

Vinne tu!

Basi anavivua vyote. Mara ya pili, kwa hasira, anavuta uzi wa kutosha kumfunga mbuzi malishoni, na kofia inaishia kuning'iniza mkia wa mita nzima.

Hesabu yenyewe si ya siri. Kwa uzi wa unene wa kati, kitanzi kimoja hula takriban sentimita 2.5 za mkia. Vitanzi 80 ni mita 2, na shubiri ya akiba. Asiye na futikamba azungushe uzi kwenye sindano mara 10, aone umekula kiasi gani, azidishe kwa 8. Wafumaji wengi wanalijua hilo, na bado wanapima kwa macho.

Akishaumwa na uzi mfupi, mtu huanza kubana. Kila kitanzi anakikaza, ukingo unakataa kutanuka, na baridi ya Julai ya Njombe au Limuru inamkuta mtoto na kofia iliyokwama juu ya masikio. Dawa ni kuanzia kwa sindano nene zaidi, kisha kurudi kwenye ile ya kawaida.

Baya kuliko yote ni kuunganisha duara huku safu imejisokota. Kosa huonekana baada ya mizunguko kadhaa, na hapo ni kufumua tu. Elizabeth Zimmermann, mfumaji mashuhuri mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, alikiita kitabu chake cha mwaka 1971 Knitting Without Tears, yaani kufuma bila machozi. Aliwajua wasomaji wake.

Anayechukia hesabu achukue madonge mawili, afunge ncha zake pamoja, moja liwe mkia na jingine uzi wa kazi. Akimaliza, akate la mkia. Ila lile fundo la mwanzo lisihesabiwe, maana hufunguliwa baadaye. Wanaolihesabu hubaki na vitanzi 79.